Sanduku Chini ya Kitambaa

Palikuwa na mama mmoja, wapendwa, ambaye kabati lake la vyombo lilijulikana kijiji kizima. Kabati la kioo, limesimama sebuleni, na ndani yake vikombe vyeupe vyenye ua la bluu ubavuni, visahani vyake, birika lake, vyote vimepangwa, vyote vinang'aa. Mnavijua vikombe ninavyovisema. Nawaona akina mama mnavyotazamana, maana hata nyinyi mnavyo. Ni vikombe vya wageni. Mwenye nyumba ananywea kikombe cha plastiki kilichopasuka ukingoni, watoto wanapokezana kopo moja, na vile vyeupe vinangoja mgeni. Mgeni asipokuja mwaka mzima, vinangoja mwaka mzima.

Mama huyu hakuwa mchoyo. Nalisema mapema msije mkamhukumu kabla sijafika mbali. Alikuwa mtu wa shukrani. Ukimpa chumvi leo, kesho anabisha hodi kwako na fungu la mchicha. Ukimbebea mzigo hatua mbili, atakusifia kwa watu mpaka uone haya. Kijiji kilimpenda, na ilipoundwa kamati ya maji hakuna aliyebishania nani awe mwenyekiti.

Kijiji chenyewe kilikuwa juu mlimani, na maji yake yalikuwa chini korongoni. Mliokulia sehemu za namna hiyo hamhitaji nieleze. Kushuka ni kushuka, lakini kupanda na ndoo kichwani ni habari nyingine. Wanawake wa pale walizeeka magoti kabla ya nywele.

Basi wakaja wageni kutoka ng'ambo, na Mungu awabariki, kwa sababu hawakuja peke yao. Walikwenda kwanza mjini, wilayani, kwenye karakana moja ya mafundi wa kwetu, wakasema: tuna nguvu kidogo na nia njema, mnatushauri nini? Fundi mmoja wa pale, mtu wa maneno machache, akawaambia, "Msilete mashine kubwa. Mashine kubwa ikifa mlimani itazikwa mlimani. Tuwapelekee kitu ambacho wenyewe wataweza kukiuguza."

Wale wageni wakasikiliza. Nani kati yetu hajamwona mfadhili asiyesikiliza? Hawa walisikiliza.

Kisima kikachimbwa karibu na uwanja wa shule, ikafungwa pampu ya kamba. Ni kitu rahisi. Kuna gurudumu, kuna bomba, na kuna kamba ndefu iliyofungwa vipande vya mpira vya duara. Ukizungusha gurudumu, kamba inapanda ndani ya bomba, na ile mipira inasukuma maji juu. Hakuna kipande chake kisichopatikana kwenye duka la vifaa pale wilayani. Na yule fundi hakuifunga peke yake. Aliwaita akina mama wa kamati, akawapa spana, akawafundisha kulitoa bomba, kupitisha kamba, kufunga mafundo. Mama mwenyekiti alifunga fundo lake, fundi akalivuta kwa nguvu zake zote, lisifunguke.

"Mama," akamwambia, "wewe huna haja na mimi tena."

Akina mama wakacheka sana. Mama mwenyekiti naye akacheka, na moyoni akasema, kijana huyu ana adabu.

Siku ya kuagana, fundi akamkabidhi sanduku la bati, limefungwa kwa utepe wa gundi. Ndani yake mlikuwa na kamba ya akiba, mipira, koleo na spana. "Hili ni lenu," akasema. "Kamba huchakaa, zote huchakaa. Ikikatika, fungueni." Mama akapiga vigelegele huku machozi yanamtoka. Sanduku lilikuwa na vishikio viwili, lakini hakukubali libebwe na watu wawili kama mzigo wa sokoni. Alilitwika kichwani mpaka nyumbani.

Aliliweka wapi? Semeni wenyewe. Aliliweka sebuleni, kando ya lile kabati la vyombo! Akalifuta vumbi, akalitandikia kitambaa cheupe alichofuma kwa mkono wake, na juu ya kitambaa akaweka maua ya plastiki. Kila alfajiri, akipita kwenda kuwasha moto, alilitazama na kusema, "Asante, Mungu wangu." Na alimaanisha. Sina mzaha na shukrani ya mama huyu, ilikuwa ya kweli tupu.

Maji yakatoka, watu wakapumzika, watoto wakawahi shule. Kisha kamba ikakatika, kama fundi alivyosema.

Ilikatika wakati mbaya. Binti wa mama huyu alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza, kama desturi inavyotaka, ili mama yake amlee siku zote arobaini. Na mnajua mzazi anavyotaka maji. Akandwe kwa maji ya moto asubuhi, akandwe jioni, uji upikwe, nguo za mtoto zifuliwe.

Kamati ikakutana. Mama mmoja akasema, "Si tulifungue lile sanduku?"

"Tulifungue sisi?" Mwenyekiti alishtuka kweli. "Mali ya watu? Wakija wakute tumelichokonoachokonoa, watatuonaje? Watasema hawa watu hawana shukrani."

Nani anataka kuitwa mtu asiye na shukrani? Wakakubaliana wampigie simu fundi. Fundi akapokea, akawapa pole, akasema, "Si mnalo sanduku, mama? Fungueni. Mnaweza."

Mama akarudi kwa wenzake. "Amesema tufungue."

"Basi tufungue!"

"Nyie nanyi! Mgeni akikwambia 'usijisumbue na chai,' wewe ndiyo husogezi birika motoni? Anatupima adabu tu yule. Atakuja."

Msiwacheke, wapendwa. Yupo mtu humu ndani aliyewahi kuambiwa "usijisumbue" asijisumbue? Ndivyo tulivyolelewa. Wale akina mama waliona mwenyekiti wao amesema kweli. Wakafagia kuzunguka kisima, wakapaka mawe chokaa, wakatenga jogoo, wakafanya mazoezi ya wimbo wa kumpokea fundi. Walipomaliza mazoezi, wakachukua ndoo wakashuka korongoni.

Binti akajifungua salama mtoto wa kike. Furaha ilikuwa kubwa, na safari za korongoni zikaongezeka. Mama alishuka na kupanda, akapumzika kidogo kwenye ukuta, akashuka tena. Maji yenyewe yalikuwa ya tope. Aliyachuja kwa kanga, akayaacha yatulie, akayachuja tena, na bado alipomwogesha mjukuu wake aliona aibu, kwa sababu lile beseni halikuonyesha chini.

Asubuhi moja alirudi na ndoo akakuta kitanda kitupu. Mtoto alikuwa kwa jirani. Binti hakuwepo, na ndoo ndogo haikuwepo. Mama alitua mzigo wake pale pale mlangoni, maji yakamwagika, akakimbia. Alimkuta katikati ya mteremko, amekaa juu ya jiwe, amejishika tumbo, jasho linamtiririka na uso hauna damu.

"Nilikuonea huruma, mama," binti akasema. "Usiku nasikia unavyougulia magoti."

Mama akamkumbatia akalia kwa sauti. Wakapanda pamoja, polepole, wakishikana, na binti hakuinuka tena kitandani kwa siku kadhaa. Mama akawa analala akiwa amekaa, mkono wake juu ya paji la mwanawe, anamwomba Mungu. Aliomba nini? Aliomba fundi aje.

Na fundi akaja. Mungu ni mwema, hujibu hata maombi yaliyokosea mlango.

Akina mama waliposikia pikipiki walijipanga kisimani na wimbo wao, lakini fundi akapita kisima kama hakukiona, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa mwenyekiti. Wimbo ukafia njiani. Ikabidi wamfuate.

"Shikamoo, mama. Nimesikia tumepata mjukuu. Nimekuja kumwona."

"Marahaba, baba, karibu, karibu ndani."

Kabati likafunguliwa. Kikombe cheupe chenye ua la bluu kikatolewa, kikatiwa chai ya maji ya korongoni. Hapakuwa na meza karibu, basi mama akasogeza maua ya plastiki na kumwekea mgeni kisahani juu ya kitambaa, juu ya lile sanduku. Fundi akanywa bila kukunja uso. Akakigeuza kikombe mkononi.

"Kikombe kizuri, mama. Wewe unakinywea lini?"

"Mimi? Aa, hiki ni cha wageni, baba."

Fundi akainua pembe ya kitambaa, akaona bati, akaona utepe wake wa gundi, haujaguswa.

"Na hili?"

"Tumelitunza!" Mama alisema kwa fahari yote. "Hakuna aliyeligusa. Liko vilevile mlivyotuachia." Akangoja asifiwe. Wewe ungekuwa yeye, usingengoja?

Mtoto akaletwa sebuleni amezongwa kanga. Fundi akampokea kwa mikono miwili, akamtazama, akamlaza kifuani.

"Sasa, baba," mama akasema, "mradi umefika, fungua sanduku utusaidie."

"Nitafunguaje, mama? Mikono yangu imejaa."

"Nipe mtoto."

"Simtoi. Ndiyo kwanza tumefahamiana."

Akina mama wakaangua kicheko mlangoni. Walidhani mgeni anatania, wakangoja amalize utani wake. Hakuumaliza. Alikaa pale amemshika mtoto, anamtazama mama mwenye nyumba kwa upole. Kicheko kikapungua, kikaisha.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, sauti ya mtu asiye na nguvu.

"Mama. Toa kitambaa."

Ilikuwa sauti ileile ya kwenye mteremko. Mama aliisikia ikamfika mahali ambapo maneno yote ya fundi hayakuwahi kufika. Akayaondoa maua. Akakikunja kitambaa. Akachukua kisu cha jikoni akakata utepe. Kamba ilikuwa imelala ndani mpya kabisa, na mipira yake, na spana. Akageuka kupima kwa macho toka sanduku mpaka pazia. Mtu aliyelala kule ndani angeweza kunyoosha mkono akaligusa.

"Ee Mungu wangu," akasema. "Maji yote niliyoyapandisha kutoka korongoni yalikuwa yamelala humu, karibu na kichwa cha mwanangu."

Mama mmoja akachukua kishikio kimoja cha sanduku, mwingine akachukua cha pili, wakatoka nalo.

Kule kisimani wakalivuta bomba wakalilaza majanini. Mama akapitisha kamba, akafunga mafundo, na vidole vyake havikuwa vimesahau hata kimoja. Wakalirudisha, wakazungusha gurudumu. Likazunguka kavu, likazunguka kavu, kisha maji yakaja! Machafu kwanza, halafu meupe. Fundi hakuwepo kushika hata spana moja. Alikuwa barazani, mtoto amelala kifuani kwake, na yeye mwenyewe anasinzia.

Jioni ile binti alikandwa kwa maji ambayo unaona chini ya beseni. Alipokwisha kulala, mama alifungua kabati lake. Akatoa vikombe vyote vyeupe, akavipanga kwenye sinia, akaenda navyo kisimani. Akawanywesha wenzake, mmoja mmoja, akiwaambia asante. Kisha akajitilia chake akanywa. Kwa mara ya kwanza tangu avinunue, wapendwa!

Na kimoja kikateleza mkononi mwa mtu, kikaanguka juu ya mawe yaliyopakwa chokaa, kikavunjika. Kila mmoja alikijua kile kikombe.

Mama akatazama vipande, akacheka. "Hicho kimefia kazini," akasema. "Mpeni mwingine, anywe."

Sasa mmemcheka mama huyu vya kutosha. Tuje kwetu sisi.

Sisi ni watu wa shukrani, nami sitaki tuache. Tumepewa vingi. Tumepewa marafiki wa mbali wanaojua kusikiliza, na mafundi wa karibu wanaotuheshimu kiasi cha kutufundisha badala ya kututendea. Ninamshukuru Mungu kwa watu hao, na ninyi mnawashukuru. Lakini shukrani yetu tumeitandika wapi? Mungu alipokupa sauti nzuri, alikupa ya wageni? Aliyekufundisha kazi alikufundisha ili umtunzie ujuzi wake hadi arudi? Amesema "fungueni, mnaweza," na sisi tumesema ah, anatupima adabu. Hatupimi, ndugu zangu. Anamaanisha. Na wakati tunangoja, kuna mtu wetu yuko kwenye mteremko, amejishika tumbo.

Mnadhani nasema habari za mlimani. Zile cherehani nne tulizoletewa na marafiki zetu pamoja na chuo cha ufundi cha hapa hapa mjini, ziko wapi? Ziko stoo, nyuma ya ukuta huu. Bado zimefungwa kwenye nailoni zake za dukani. Tumezitandikia kitambaa cha madhabahu kilichochakaa, na askofu akija tunamwonyesha, anafurahi, tunapiga makofi, tunafunika. Akina mama kumi na wawili wa kanisa hili wamefundishwa kuzitumia, wamepewa na vyeti. Mmoja wao amekaa pale kushoto, jina silitaji. Juzi nilipita kwake nikamkuta anashona sare ya mwanawe kwa sindano ya mkono, kwa mwanga wa dirisha, na macho yamemvimba. Nikamwuliza mbona hivi, mama? Akaniambia, "Zile ni za kanisa, mchungaji."

Wazee wa kanisa, naomba ufunguo wa stoo upite mbele. Wimbo wa mwisho tutauimba kule kule, tukiwa tumesimama kati ya magunia. Na baraka nitaitoa nikishasikia cherehani inalia.

Ila nailoni ile ni ngumu. Nani amekuja na mkasi?