Siku Michi Ilipowekwa Chini

“Mlima ukitetemeka usiutwange, una wake unayemlilia.” Maneno hayo aliyasema Bibi Katal alipowaona wajukuu zake wakimchokoza jirani yao mwenye hasira za karibu. Wakamwacha jirani, wakataka kujua methali hiyo imetoka wapi. Bibi akaendelea kuchambua maharage yake, akawaambia ilianza hivi.

Zamani, katika nchi ya Wamaya, chini ya mlima mmoja lililala jitu. Likijigeuza, ardhi ilitikisika, miamba ikaporomoka na nyumba zikaanguka. Watu walikuwa na dawa yao: mtikisiko ukianza, kila mwanamke alishika mchi wake akaitwanga sakafu kwa nguvu zote, ili jitu liogope, litulie. Halikutulia hata siku moja. Watu wakasema hawajatwanga vya kutosha. Binadamu hao!

Kijijini hapo aliishi mwanamke aitwaye Ixmukur. Mumewe, Akabal, alikwenda ng'ambo ya mlima kuleta chumvi. Siku ya kurudi kwake ardhi ikatikisika. Ixmukur, kwa kumhofia mumewe aliye njiani, akatwanga kuliko wanawake wote, hadi viganja vikachubuka. Mlima ukaporomoka, ukaifukia njia, na Akabal hakurudi.

Miezi ikapita. Kila alipokanda unga wa mahindi alikanda wa watu wawili, ndipo akakumbuka yuko peke yake. Alimtamani mumewe, hata kile kikohozi chake cha asubuhi kilichokuwa kikimuudhi. Mwisho uvumilivu ukamwishia. Akabeba mchi wake, akapanda hadi kwenye ufa wa mlima, akainama na kupiga kelele:

“Nirudishie mume wangu! Hata mifupa yake, nimzike!”

Jitu likaitika taratibu, kokoto zikaporomoka.

“Mama, mimi sikumchukua mtu. Nilikuwa nikimfuata ndugu yangu.”

“Ndugu gani?”

“Tulizaliwa wawili. Yeye aliinua milima, mimi niliiangusha, tukacheka. Siku moja mlima ukamwangukia. Tangu hapo, nikijigeuza kidogo usingizini, namsikia akigonga huko juu: du, du, du. Nami najitahidi niinuke nimfikie. Siku ile ya mwisho aligonga kwa nguvu mno, nikajua yu karibu.”

Ixmukur akautazama mchi mkononi. Akaketi. Angeweza kunyamaza na kushuka zake, lakini hakufanya hivyo.

“Ni sisi,” akasema. “Ni michi yetu. Na siku ile ya mwisho, aliyegonga sana ni mimi.”

Ukungu ukapanda kutoka bondeni, ndipo jitu likasema:

“Kumbe hajaniita hata mara moja.”

Ixmukur alikuja na matusi tele, akayaacha yote. Akaulaza mchi penye ufa, akalia. Jitu nalo likalia, na mlima ukatetemeka kidogo tu, hata maji mitungini hayakumwagika.

Ixmukur akashuka, akawasimulia wenzake. Tangu siku hiyo, ardhi ilipotikisika wanawake waliweka michi chini, wakakaa, kila mmoja akalitaja jina la aliyempoteza. Ixmukur alilitaja la Akabal mpaka uzeeni. Kisha, kwa kuwa jitu halikuwa na mwingine wa kuomboleza nalo, aliinama akasema, “Na ndugu yako pia.”

Wajukuu wakageuka kuutazama mlango wa jirani.

“Bibi, yeye anamlilia nani?”

“Nendeni mkamuulize, na salamu itangulie. Mlima ukitetemeka usiutwange, una wake unayemlilia.”