Firigisi ya Mkubwa wa Kikao

Shekiondo alikuwa mwoga aliyekimbizwa hata na jogoo wake. Wanakijiji walipofanya kikao kupinga mashamba yao kupewa mwekezaji, mtendaji wa kata akamwita yeye, amtaje kiongozi wao mbele ya Mkuu wa Wilaya, ili kiongozi huyo akafungwe.

Shekiondo alimletea mtendaji firigisi ya kuchoma. "Onja, bosi. Sisi waoga tunaanza na heshima."

Mtendaji akaitia yote mdomoni. Mara Mkuu wa Wilaya akaingia.

"Haya, mtaje kiongozi wenu!" Mkuu akaamuru.

"Nikiogopa nasahau majina, mheshimiwa. Nakumbuka tu kikaoni tulimchinja yule jogoo wangu, na kwa ada yetu firigisi huliwa na mkubwa wa kikao."

"Aliila nani?"

Shekiondo akamtupia mtendaji jicho. "Bado anaitafuna, mheshimiwa."