Fisi na Ruzuku ya Chuo cha Visima

Miezi minane ilipita bila tone la mvua katika nyika ya Simba. Mito ikabaki mchanga mtupu, na ghala la mfalme, lililozoea kufurika mtama, likaanza kutoa mwangwi ukiligonga.

Humo ghalani ndimo ilimotoka ruzuku ya wanafunzi. Kila mwezi, watoto wa wanyama wasio na kitu waliosoma Chuo cha Visima walipewa mtama wa kujikimu. Mmoja wao alikuwa Sikudhani, binti wa Digidigi mjane. Alibakiza mwaka mmoja tu ahitimu ufundi wa kutafuta maji chini ya ardhi.

Siku moja Fisi, waziri wa ghala, alisimama barazani akiwa amejifunika blanketi gubigubi, na jua lile!

"Mtukufu, ghala linakwisha," alisema. "Tufute ruzuku ya wanafunzi. Wanakula bure, hawazalishi chochote."

"Nikirudi nyumbani nitakula nini?" aliuliza Sikudhani, aliyekuwa barazani pamoja na wanafunzi wenzake. "Mama hana hata punje."

"Kachume majani kama yeye."

Simba alitikisa manyoya ya shingo. Alipenda sana kuonekana mfalme asiyesitasita. "Basi ruzuku imefu..."

"Simba wa simba!" Sungura alidakia, akainama mpaka masikio yakagusa vumbi. "Nakubaliana na Mheshimiwa Waziri."

Sikudhani alimkodolea macho. Hata Sungura?

"Ila mtama wa mwezi huu umeshatengwa," Sungura aliendelea. "Wagawie wenye njaa kweli kweli. Kila aliyekonda kiasi cha kupenya kwenye dirisha la ghala apate gunia lake. Nyika nzima itakusifu."

"Na inisifu!" alinguruma Simba.

Dirisha lile lilikuwa dogo. Wakati wa neema hata Nyani hakuweza kulipita, lakini siku hiyo alipenya kama upepo. Ngiri akapita. Sikudhani akapita bila kugusa kingo. Kila mmoja alitokea mlangoni na gunia.

Fisi aliyatazama magunia yakiondoka, mate yakimchuruzika. Angekaa kimya, mambo yangeishia hapo. Hakuweza.

"Na mimi nina njaa!" alipiga kelele. "Nimekonda sana, ni blanketi tu hili!"

Akarukia dirishani. Kichwa kikapita, mabega yakapita, tumbo likagoma. Blanketi likaanguka, na baraza zima likaona kitambi cha mviringo kama ngoma.

"Waziri," Simba alisema taratibu, "mbavu zangu mimi mfalme zinahesabika. Wewe unakula wapi?"

"Ni gesi, Mtukufu!" Fisi alijibu kutoka ndani.

Wanyama walicheka mpaka wakaishiwa nguvu za kumvuta. Walipomnasua walikwenda nyumbani kwake, wakakuta magunia arobaini chini ya kitanda.

Simba, kwa aibu ya kudanganywa, alinguruma hadi vichaka vikatetemeka. Alimvua Fisi uwaziri, akaamuru ruzuku isiguswe na waziri yeyote, iwe njaa au shibe. Kazi ya kubeba mtama hadi chuoni, kila mwezi, akapewa Fisi, mgongoni.

Mwaka uliofuata Sikudhani alihitimu. Yeye na wenzake sita walichimba kwenye mchanga wa mto mkavu, na siku ya tatu maji yakabubujika, baridi na matamu. Nyika nzima ilipanga foleni ikiimba.

Mwisho kabisa wa foleni alisimama Fisi, sasa mwembamba kama wengine. Sikudhani alimjazia kibuyu.

"Karibu, mzee."

Fisi alikunywa, kisha akakaa akitazama chini.

"Binti," alisema kwa sauti ndogo, "mwanangu amefaulu kuingia chuo. Nami sina kitu. Ile ruzuku... bado ipo?"

"Ipo, mzee," Sikudhani alitabasamu. "Mwambie aje Jumatatu."