Mwanapunda wa Udongoni

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani maana hata aliyenihadithia hakuulizwa, palikuwa na kitongoji kiitwacho Udongoni. Wanawake wa Udongoni walikuwa wafinyanzi. Mashamba hawakuwa nayo, kwa sababu ardhi yote nzuri ilikuwa ya watu wa bondeni, na watu wa bondeni hawakuoa Udongoni wala hawakuketi kula na watu wa Udongoni. Waliwaita watu wa matope. Lakini maji waliyokunywa yalipoa ndani ya mitungi ya watu wa matope, na mboga zao ziliiva ndani ya vyungu vya watu wa matope.

Vyungu hivyo vilikuwa na mnunuzi mmoja tu, Kingwele, mwenye mkokoteni wa ng'ombe. Kingwele hakuwa mkali. Laiti angekuwa mkali, wangemkimbia mapema. Alikuwa mpole, mcheshi, ajuaye majina ya watoto wa watu. Njaa ikiingia alikuja na unga na chumvi, akasema, "Chukueni, mama zangu, mtanilipa vyungu." Vyungu vikitoka motoni alikuja kuvichukua, na bei alipanga yeye, maana deni lilikuwa lake na mkokoteni ulikuwa wake. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mwaka uliingia, mwaka ukatoka, deni halikuisha. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na Udongoni haikuwa methali, ilikuwa chakula cha jioni.

Sasa mtazameni mwanamke mmoja, Sikudhani. Alikuwa mjane, akiishi katika kibanda uani kwa shemeji yake. Maneno yake yalikuwa machache na mikono yake ilikuwa mizuri. Siku moja alikuwa akipakua vyungu kwenye majivu pamoja na wenzake, Bi Mashavu akasimama. Bi Mashavu huyo mdomo wake haukujua kupumzika, hata usingizini alikuwa akigombana na mtu.

"Kingwele hununua anachokiona," alisema Bi Mashavu. "Basi asione vyote. Kila tukichoma, kila mmoja wetu atoe chungu kimoja kabla mkokoteni haujafika. Tukiweke mahali. Kisiwe cha mtu, kiwe cha wote."

"Tuviweke tuvifanyie nini?" waliuliza.

"Tuviuze wenyewe. Tununue punda."

Walicheka mpaka majivu yakapeperuka. Watu wa matope na punda! Lakini mwanamke akicheka si kwamba amekataa. Kulikuwa na banda la mbuzi lililoachwa nyuma ya kilima, wakalifanya ghala. Ufunguo wa banda alipewa Sikudhani, kwa sababu hakuwa msemaji, na kwa sababu hakuwa na mume wa kumuuliza usiku alikuwa wapi mchana.

Wakaanza kuweka. Chungu kimoja, kingine, kingine. Haba na haba hujaza kibaba. Banda lilipojaa, alitafutwa mtu wa kuvipeleka kwenye gulio lililo ng'ambo ya milima, akajitokeza Nyamizi. Nyamizi alikuwa na shingo kama nguzo na miguu isiyochagua njia. Mumewe alikuwa amemtoroka, mtoto hakuwa naye. Alijitwisha mzigo, akapanda mlima peke yake.

Alirudi na vyungu vyake kichwani na uso umemvimba kwa hasira.

"Ninyi mnaweka akiba au mnatupa takataka?" aliwauliza. "Mama mmoja kajaza maji mbele ya watu, maji yakamtiririkia miguuni. Gulio zima limenicheka. Kila chungu kina ufa."

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amefanya siri ileile aliyoifanya mwenzake, bila kujua. Chungu kizima alimwekea Kingwele, maana Kingwele hukagua. Kile chenye ufa, ambacho Kingwele angekikataa hata hivyo, ndicho alichokipeleka bandani, akajisifu moyoni kwamba ameweka akiba. Sikudhani naye alitazama chini, kwa sababu chungu chake kilikuwa humohumo.

Tangu siku hiyo Sikudhani alikaa mlangoni pa banda na kugonga kila chungu kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima hulia, chenye ufa hukoroma. Kikikoroma alimrudishia mwenyewe, hata awe mkwe wa nani. "Cha akiba kitoke kwanza," alisema, "cha Kingwele ndicho kibaki." Walimnunia. Aligonga tu.

Nyamizi akapanda mlima tena, na tena, na tena. Kila akirudi alifungua fundo la upindo wa kanga mbele ya wote, na kila kilicholipwa kilikuwamo. Aliwaletea na habari. Chungu ambacho Kingwele alikipa kibaba kimoja cha unga, kule kilipata fedha ya vibaba vitatu na chumvi juu. Aliwafundisha kutaja bei na kunyamaza, maana mnunuzi hawezi kuvumilia kimya. Angeamua kushika njia yake na lile fundo, nani angemfuata? Lakini kila safari walimwona akiteremka, wakajua ni yeye kwa ile shingo.

Kisha mvua zikakosa. Njaa iliingia Udongoni kabla ya kwingine kote, kama kawaida yake. Jioni moja Sikudhani alikuwa amekaa mlangoni pa banda akamwona mdogo wake, Zawena, anakuja na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Dada, mtoto hajala tangu jana. Nifungulie. Nitoe vyungu vitatu tu nimpelekee Kingwele anipe unga. Mvua zikinyesha nitarudisha."

Sikudhani aliinuka, akateremka naye hadi kibandani kwake, akaingia, akatoka na kibuyu. "Unga wangu huu hapa. Uchukue wote."

"Huu ni wa siku moja."

"Najua."

"Na hivyo vyungu?"

"Vyungu si vyangu, Zawena. Nikikufungulia wewe, kesho nitamnyima nani?"

Zawena alipokea kibuyu. Hakusema asante. Sikudhani alilala na maji tumboni, na alilia, kwa sababu yeye ndiye aliyemlea Zawena baada ya mama yao kufa. Mtoto alipona, msiogope. Ila tangu jioni ile, dada na mdogo wake wakikutana shimoni kuchimba udongo, Zawena alitazama udongo.

Njaa ilipita. Banda halikufunguliwa kwa mtu. Punda akanunuliwa, jike, rangi ya majivu, na siku ya kwanza tu alimpiga Bi Mashavu teke la paja. Asante ya punda ni mateke, wakasema, sasa tumeamini kuwa ni punda wa kweli. Wakampakia vyungu, wakavuka milima, wakauza kwa bei ya gulio. Deni la Kingwele likalipwa hadi kibaba cha mwisho. Alipokuja tena na mkokoteni wake, alitajiwa bei, kisha wote wakanyamaza. Akacheka, akajikuna, akalipa. Nami nawaambieni, sijasikia ushindi mzuri kuliko ule wa kumfanya mtu mpole alipe.

Kisha punda akashika mimba. Wanawake wakakubaliana kwamba mama ni wa wote, lakini mwana wake wa kwanza atapewa yule ambaye, bila yeye, punda asingekuwapo. Jambo hilo lilionekana jepesi mwanapunda alipokuwa bado tumboni.

Mwanapunda akazaliwa mwaka uleule ambao shemeji yake Sikudhani alimwita na kumwambia, "Shemeji, mwanangu anaoa baada ya mavuno. Kibanda kile nitakihitaji." Sikudhani alijibu, "Sawa, shemeji," kwa sababu hakuna jibu jingine ambalo mjane huwa nalo. Lakini palikuwa na mtu wa bondeni mwenye kiwanja kidogo karibu na mto, na mtu huyo alikuwa radhi kumuuzia hata mtu wa matope, mradi apewe mwanapunda. Kiwanja chenye mkuyu pembeni na udongo mzuri chini yake. Sikudhani alikipita mara kwa mara, akakitazama, akaona mahali atakapoweka mlango. Hakumwambia mtu.

Siku ya kuamua walikusanyika penye majivu. Mmoja alisema mwanapunda auzwe wagawane. Wakamkataa, maana kugawana kidogokidogo kikaliwa jioni hiyohiyo, ndiko walikotoka. Mwingine akasema mnyama aachiwe achague mwenyewe. Wakamwambia mnyama atamfuata mwenye pumba. Basi wakasema kila anayedai aweke chungu chake mbele, aseme neno lake, kisha kila mwanamke aangushe gae katika chungu cha yule anayeona alistahili.

Bi Mashavu alikuwa wa kwanza kuweka chungu chake. "Mimi ndiye niliyesema. Mlikuwa mmekaa hapahapa, na Kingwele anawachuma kama mboga. Mkono bila neno hukata kuni za mwingine. Bila mdomo wangu, lile banda lingekuwa la mbuzi mpaka leo."

Wakasema, kweli.

Nyamizi akaweka chungu chake. "Maneno hayapandi mlima. Nimelala porini na fedha yenu tumboni pangu, nimeifunga kwa kanga. Nimechekwa kwa nyufa zenu. Ningeweza kutorudi, na kila mara nilirudi. Bila mimi mngekuwa na banda lililojaa vyungu, na njaa ileile."

Wakasema, kweli.

Sikudhani aliweka chungu chake polepole. "Mimi nililinda," alisema. "Niligonga kila kimoja. Niliwarudishia vyenye ufa mkaninunia. Na siku ambayo kufungua kungekuwa rahisi kuliko kufunga, nilifunga. Bila mimi tungekula punda wetu kabla ya kumnunua."

Wakasema, kweli. Na wengi wao waligeuka kumtazama Zawena.

Zawena akainuka. Alikuja na chungu mkononi akakiweka kando ya vile vitatu.

"Sikupanga kudai," alisema. "Ila kuna jambo hamlijui. Ile jioni dada aliponinyima, unga wake ulituvusha kesho yake. Kesho kutwa yake Kingwele alifika mlangoni kwangu na gunia zima. Akaniambia, 'Zawena, naona vyungu vinapungua hapa Udongoni. Nionyeshe vinakofichwa, gunia hili ni lako, na deni lako nalifuta.' Mtoto alikuwa analia mgongoni. Moyoni nilikuwa na hasira na dada yangu mpaka mdomo ulikuwa mchungu. Ningenyoosha kidole tu kuelekea kilima."

"Ukamwambia nini?" aliuliza Bi Mashavu, na hiyo ndiyo mara pekee alipouliza kwa sauti ndogo.

"Nilimwambia, 'Bwana Kingwele, udongo wa mwaka huu ni mbaya, vinapasuka.' Akaondoka na gunia lake. Nikachemsha mizizi. Ninyi wote mlifanya kitu. Mimi sikufanya kitu, na bila huko kutofanya kwangu, banda lingekuwa tupu."

Safari hii hakuna aliyesema, "Kweli." Sikudhani alimtazama mdogo wake, na miaka yote ya kutazama udongo ikamrudia kifuani.

Basi wakaanza kupita mmoja mmoja. Bi Mashavu aliangusha gae lake ndani ya chungu chake mwenyewe, akasema yeye hawezi kujidhulumu. Nyamizi akafanya vivyo hivyo bila kusema. Wengine wakapita, huyu hapa, yule pale, magae yakilia vyunguni. Zawena alipofika alikipita chungu chake. Akasimama mbele ya chungu cha dada yake, akaangusha gae humo.

"Ulinifungia mlango, dada," alisema. "Lakini huo unga uliutoa wote."

Wakamwaga magae, wakayapanga mafungu. Mafungu yote manne yalikuwa sawa. Wakarudia kuhesabu, yakawa sawa. Ndipo mmoja akakumbuka kwamba Sikudhani hajapita, kwa kuwa muda wote alikuwa ameshika kamba ya mwanapunda.

Akampa kamba mwenzake. Akaokota gae, akasimama mbele ya vile vyungu vinne. Gae likianguka katika chungu chake, ana kiwanja, ana mlango, hatamwambia mtu tena "Sawa, shemeji." Na hakuna atakayemlaumu, maana Bi Mashavu alijichagua na Nyamizi alijichagua. Likianguka katika cha Zawena, atakuwa amelipa jioni moja iliyomlemea moyoni kuliko mzigo wowote, na baada ya mavuno hajui atalala wapi. Na Bi Mashavu, ambaye bila neno lake hata gulio wasingelijua? Na Nyamizi, ambaye angeweza kutorudi?

Mwanapunda alikuwa akitafuna ncha ya kanga ya mtu. Wanawake wa Udongoni walinyamaza, kama walivyofundishwa kunyamaza bei ikishatajwa.

Mkono wa Sikudhani umebaki juu ya vyungu vile mpaka leo, na mimi sina nguvu za kuushusha. Ushusheni ninyi mliosikiliza. Neno, miguu, mlango uliofungwa, na mdomo uliofungwa: je, nani alistahili?