Majivu ya Mama Mkwe

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa jembe!

Pakawa udongo!

Udongoni tupande nini?

Tuuonje kwanza!

Haya, tulieni. Na wewe hapo mlangoni, acha kutafuna muwa, nasikia meno yako kuliko sauti yangu.

Hapo zamani za kale palikuwa na nchi ya tambarare, chini ya milima. Huko chini, kiangazi kikiingia, ardhi hutoa ukoko mweupe, utadhani mtu kamwaga unga. Maharage huiva bila kutiwa magadi, maana magadi yamo ndani ya maji yenyewe. Kila mwanamke wa huko analijua hilo. Kila mwanamke, isipokuwa mgeni.

Mgeni alikuwa Nakijwa, binti wa mlimani, aliyeolewa na Senkondo, mtoto pekee wa mama mjane. Siku ya harusi Senkondo akasema mbele za watu, "Sasa nitakula mboga za mikono ya mke wangu!" Watu wakapiga vigelegele. Mama Senkondo hakupiga. Na zile alizomlisha yeye tangu anaota meno, je? Neno lile likamkaa kooni.

Sasa ada ya huko ilikuwa hivi. Bibi harusi hupewa kitalu nyuma ya nyumba. Mama mkwe humwonjesha udongo wake, kidogo tu, ncha ya ulimi, ajue ardhi aliyoolewa. Kisha apande. Akipanda mara tatu asivune, husemwa ana mkono mbaya, na mwenye mkono mbaya hurudishwa kwao. Msinitolee macho, sikuitunga mimi!

Mama Senkondo akampa kitalu. Kumwonjesha, hakumwonjesha.

Nakijwa akalima, akapanda mchicha. Ukaota wa njano, ukafa. Akamwendea mama mkwe, akapiga magoti.

"Mama, kwetu mlimani mchicha ukigoma tunatia majivu. Na huku je?"

Neno moja tu lingetosha: usitie, tia samadi. Na samadi ilikuwepo, rundo zima nyuma ya zizi la mbuzi wake!

"Tia, mwanangu, tia," akasema mama mkwe. "Hata ya jikoni kwangu chukua."

Lo! Mnajua majivu ni nini, nyie? Ni magadi yale yale! Udongo wa mlimani ni mchachu, majivu huutuliza. Wa tambarare umeshashiba magadi. Kuutia majivu ni kumlisha chumvi mtu mwenye kiu.

Nakijwa akatia. Akapanda bamia. Zikafa.

Mama mkwe akaja na kapu lingine kichwani. "Tia, mwanangu, tia. Hukutia ya kutosha." Nakijwa akatia. Akapanda kunde. Kunde hazikutoka hata ardhini.

"Mkono mbaya," akasema Mama Senkondo.

"Mkono mbaya," wakasema majirani. Na walijua! Makapu ya majivu yalipita mbele ya macho yao, wakafumba midomo. Wale nawachukia kuliko mama mkwe mwenyewe.

Na Senkondo? Aliinamisha kichwa. "Ndiyo ada," akasema. Mwanamume mzima!

Nakijwa akafunga kanga zake. Mlangoni akageuka. "Ahsante kwa majivu, mama." Maskini, alishukuru kwa moyo mweupe kabisa. Hapo ndipo ninapoumia mimi.

Masika ikaja. Kitalu kile kilikuwa juu kidogo ya bustani ya Mama Senkondo. Mvua ikazoa majivu yote, ikamshushia yeye. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mchicha wake ukaota wa njano. Bamia zikafa. Kunde hazikutoka. Samadi ingeuponya udongo polepole, lakini aibebe nani? Mgongo wake ulikuwa umepinda, na mwanawe alikuwa ameondoka. Usingizi ulimkataa Senkondo, akapanda mlimani kumfuata mkewe.

Alimkuta akichuma katikati ya mchicha unaofika kiunoni.

"Umetia nini humu?"

"Majivu tu. Kama kule kwenu."

Mama yake Nakijwa akachota udongo, akamwekea mkwewe mkononi. "Onja, baba." Senkondo akaonja. Mchachu! "Wa kwetu ni magadi matupu," akasema, "ulinichoma ulimi utotoni." Akayakumbuka na yale makapu.

"Mama yako hakujua?" akauliza Nakijwa.

Senkondo akaukung'uta udongo mkononi, akasema, "Alijua."

Nakijwa akaendelea kuchuma.

"Mke wangu, twende nyumbani."

"Mama yako alikuwa na wivu," akasema Nakijwa. "Wewe je? Siku ile ulipoinamisha kichwa, mimi nilikuwa nakutazama wewe. Siendi."

Akamfungia fungu la mchicha, maana mgeni haondoki mikono mitupu. Senkondo akashuka nalo. Akamkuta mama yake kwenye bustani nyeupe, akaliweka magotini pake.

"Hizi ndizo mboga za mikono ya mke wangu. Zimeota kwenye majivu. Kula wewe, mama. Mimi kooni hazipiti."

Akaenda zake. Mama akazipika, maana njaa haina haya. Akazila peke yake, na zilikuwa tamu.

Ngano yangu nimeifukia hapa. Ikiota, chumeni. Ikikauka, msiulize mkono wa nani. Ulizeni nani alinyamaza.