Kisima Kimoja cha Nyasoke

Sogeeni msikilize, ila mikono iendelee. Maharage hayajichambui yenyewe.

Pale Nyasoke waliishi watu watatu. Milembe alikuwa na kumbukumbu: alichokiona mara moja hakikumtoka. Masunga alikuwa na mikono: alichimba pale wengine walipotupa sururu. Nyamizi alikuwa na mdomo: akianza kusema, hanyamazi mpaka asikilizwe.

Mgodi wa zamani ulikuwa umefungwa, ukaacha kilima cha marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa na kutolewa dhahabu. Kila masika maji yaliyochuruzika humo yaliingia kijitoni yakiwa na rangi ya kutu. Mbuzi waliyakataa. Watoto hawakuwa na mengine.

Kampuni moja ikamtuma mtaalamu. "Nikikuta madini ya betri humu, tutahamisha mchanga wote, na sumu itaondoka nao. Nisipokuta, kilima kinabaki."

Alitaka kupima upande wa barabarani. Milembe akamzuia. "Huko ni udongo wa kufunikia tu, mwanangu. Nilikuwa mpishi wa mgodi. Mchanga ulimwagwa kule nyuma." Bila Milembe, wangepima udongo mtupu.

Huko nyuma mchanga ulikuwa umeganda kama saruji. Mashine ya mtaalamu ikakwama. Masunga akashuka na sururu.

"Shemeji, hujachoka?" Nyamizi akauliza.

"Nikichoka, utachimba kwa mdomo?"

Akachimba mpaka kwenye unyevu. Bila Masunga, wasingefika.

Lakini Masunga ni mchimba dhahabu. Mtaalamu akiwa anakula kwa Milembe, yeye aliuosha ule mchanga kwenye karai kabla ya kujaza mifuko ya kupelekwa kupimwa. Nyasoke hakuna anayempa mgeni mchanga mchafu, ni aibu. Tope lote jeusi likaenda na maji. Majibu yakarudi: hakuna kitu. Mtaalamu akafunga mizigo.

Nyamizi akasimama mbele ya gari. "Huondoki. Mchanga ule tuliuosha."

"Mliuosha?"

"Tulikosa sabuni tu. Shuka upime huu mchafu."

Akashuka, akapima. Madini yalikuwemo, kwenye lile tope jeusi, na sumu ya maji ilitoka mumo humo. Bila Nyamizi, gari lingeondoka.

Sasa kilima kitahamishwa, ila kazi itachukua miaka. Kwa leo kampuni inachimba kisima kimoja tu, na kijiji kimeamua kiwe mlangoni kwa aliyefanikisha kazi. Nyumba zao zimeachana mbali. Milembe analea wajukuu kule juu, na mgongo wake haubebi tena ndoo. Mke wa Masunga amejifungua mapacha. Nyamizi anakaa bondeni, na mwanawe ana vidonda vya yale maji.

"Mahali nilipaonyesha mimi," anasema Milembe.

"Ungeonyesha, nani angechimba?" anajibu Masunga.

"Ukachimba, ukaosha!" anadakia Nyamizi.

Mashine ya kisima imefika njia panda, injini inanguruma. Dereva ametoa kichwa dirishani: "Nikate kona kwenda wapi?"

Wewe uliyeshika sinia hapo, mjibu. Umpeleke kwa nani?