Madoa ya Ndizi Mbivu

Nani kazitupa ndizi hizi shimoni? Msinijibu, nimeziona mwenyewe. Eti zina madoa! Kaeni hapo jikoni mnisikilize, na asinyanyuke mtu.

Enzi hizo ndizi haikuwa na doa. Ikishaiva ilibaki ya manjano miezi na miezi, wala nzi hakuisogelea. Mtadhani watu wote walishiba. Thubutu! Kwa kuwa haikuharibika, mwenye nayo hakuona haraka ya kumpa mwenzake. Alirundika tu.

Aliyewashinda wote kwa kurundika alikuwa Rwegoshora, mwenye shamba kubwa la migomba. Mikungu ilijaa jikoni mwake mpaka mkewe akakosa pa kuweka chungu. Mipya ikiletwa, ya zamani ilitupwa shimoni, juu ya samadi na majivu.

Jirani yake, Mukabaranga, alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja. Mvua ya mawe ilikuwa imeiangusha migomba yake yote, na mtoto alikuwa mgonjwa, hawezi kula ila kitu laini. Mama akaenda kuomba.

"Nipatie chane moja tu, baba. Mtoto ana njaa."

"Rudi kesho," akasema Rwegoshora. "Bado sijaamua nitazifanyia nini. Haziozi hizi, una haraka gani?"

Kesho yake akaambiwa vivyo hivyo. Aliporudi tena akakuta mkungu mzima shimoni, umepondeka na kuchanganyika na samadi, na jikoni umeingia mpya. Hata kumwita hawakumwita! Nikifika hapa hasira hunipanda, ingawa nimeisimulia habari hii tangu usichana wangu.

Alipofika nyumbani, mtoto alikuwa amekata roho.

Mjane hakulia. Alikishika chungu chake kitupu kwa mikono miwili, masizi yakamjaa vidoleni. Akarudi kwa Rwegoshora, akapita katikati ya mikungu akizigusa ndizi moja moja. "Wewe huna haraka," akamwambia. "Basi hizi zitakuwa nayo."

Rwegoshora akacheka. Kulipokucha madoa yalikuwa yameenea, na jioni ndizi zikaanza kunuka. Hapo ndipo alipojua kukimbia! Alizunguka nyumba hadi nyumba na kapu kichwani, akiwabembeleza watu wapokee. Kwa mjane alibisha hodi, hakufunguliwa.

Na tangu siku hiyo ndizi ikiiva hutoka madoa. Si ugonjwa, si uchafu. Ni vidole vya yule mama, vinakwambia uile leo, au umpe mtu leo. Nanyi mnazitupa zikiwa tamu kuliko siku zote, na kwa jirani moshi haujaonekana tangu jana!

Haya, inukeni. Hizo za shimoni ziokoteni mzioshe, tutazila sisi. Zile nzuri za darini pelekeni kwa jirani sasa hivi, kabla hazijatoka doa. Na mkifika, ombeni radhi kwa kuchelewa.